Pipa la Kijani na Ng'ombe wa Mwita

Mwanangu Bhoke,

Hali yako siiulizi kwa sababu naijua. Jana asubuhi ulipoondoka kwenda Nyambureti kumuaga bibi yako ulikuwa umenuna, chai hukuigusa, na baiskeli ya binamu yako ilipofika kwenye kona hukugeuka kunitazama. Niliona. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia, halafu nikarudi ndani nikamsema mdogo wako Gati bila kosa lolote.

Naandika mchana huu nikiwa nimekaa mlangoni, karatasi zangu ziko juu ya sinia, Gati amelala. Mwandiko ni huu huu wa kisomo cha watu wazima uliokuwa ukinisahihishia, kwa hiyo usicheke mahali ambapo herufi zinapanda mlima. Barua hii nitaiweka ndani ya sanduku lako, chini ya sweta. Usiisome hapa nyumbani. Isome ukiwa Bomani unasubiri basi, au ukishafika huko chuoni. Ukiisoma mbele yangu nitalia, na nikilia mimi, tata, baba yako, atajifanya ana ng'ombe wa kwenda kutafuta.

Mambo ya kufua, kula na kuamka mapema siandiki. Hayo unayajua kunishinda. Wewe ndiye uliyenifundisha mimi kuchemsha maji ya kunywa.

Ukiingia uani jioni hii utaona nyuma ya ghala pako wazi. Miiba haipo. Mahali palipokuwa na pipa sasa pana udongo mpya uliofukiwa. Pipa limeondoka, Bhoke. Wataalamu wa ofisi ya mifugo wamelichukua leo asubuhi. Kwa hiyo ile sababu yako ya kukataa kwenda chuo imekwisha, na kesho utapanda lori.

Najua neno lililokuuma zaidi ulilitamka mwenyewe. Siku ile tulipomkuta Gati amepenya chini ya miiba, amekaa akiegemea pipa, vidole vimejaa maganda ya rangi ya kijani, ulimnyakua ukamwosha kwa sabuni. Halafu ukaniambia, "Siendi chuo, mama. Nitabaki nimlinde Gati na hilo pipa lako. Unalipenda pipa kuliko sisi tuliobaki." Tata yako alitaka kukukemea, nikamzuia. Ulikuwa umesema kweli nusu. Nusu nyingine hukuijua, na kosa ni langu kwa kuwa sijawahi kukuambia.

Acha nianze mwanzo, hata kwa yale unayoyajua, kwa sababu uliyaona ukiwa mtoto wa darasa la tatu.

Kule kwetu kwa zamani, ng'ambo ya Machochwe, kijito kilipita karibu sana na boma. Nilikuwa nateka maji huku nasikia ninyi mnagombana nyumbani. Ilipokuja amri ya kuhamia kijijini tuliezua nyumba, tukabeba miti na milango, tukaja kupewa kiwanja hapa kwenye mstari wa nyumba. Sitasema kijiji kilikuwa kibaya. Shule ni ya hapa hapa, na leo nina binti anayekwenda kuwa mwalimu. Lakini maji yalikuwa mbali, na chombo cha kuyahifadhi hatukuwa nacho.

Tata yako alikuwa mmoja wa waliojenga josho. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuja kwenye mapipa ya kijani, na dawa ilipokwisha yalirundikwa pale nyuma ya josho. Bwana mifugo akasimama kwenye mkutano akasema mapipa yale mtu asiyaguse, watakuja wataalamu wenye vifaa vyao kuyaondoa, kwa sababu masalia ya ndani ni sumu. Usije ukafikiri hatukuambiwa. Tuliambiwa, tukasikia, na tukiwa njiani kurudi tukacheka. Tulisema wakubwa wanataka mapipa kwa ajili ya wake zao. Nilicheka kuliko wote, unajua ninavyocheka.

Machweo tata yako akaja anabingirisha pipa moja. Alikuwa na wasiwasi. Akasema labda tungoje, labda hao watu wa mjini wanajua kitu. Mimi ndiye niliyemwambia, "Tata Bhoke, niachie. Kama ni harufu, hakuna harufu inayonishinda mimi."

Nilikuwa na kiburi changu. Katika ukoo huu wote nilijulikana kwa vibuyu vya maziwa. Nikiosha kibuyu, nikakifukiza kwa kijinga cha moto mpaka moshi ukakolea ndani, maziwa yake hata bibi yako aliyanywa bila kununa, na unamjua bibi yako. Wanawake walikuwa wananiletea vibuyu vyao vilivyoharibika niviponye. Basi na pipa nikalifanya vile vile. Tata yako alikata kifuniko kwa patasi, mimi nikalisugua kwa majivu na mchanga, nikalisuuza, nikatia vijinga ndani, nikafunika kwa gunia, nikaacha moshi ukae. Nikarudia, na nikarudia tena. Mwisho nikaingiza kichwa changu kizima nikavuta pumzi, nikasikia harufu tamu ya kibuyu kipya. Nikafurahi kama mtu aliyeshinda vita.

Sikujua kwamba kuna kitu kinachoweza kubaki mahali baada ya harufu yake kuondoka. Pua yangu ilikuwa haijawahi kunidanganya, nikaiamini kuliko mtu aliyesomea kazi ile.

Pipa likiwa limeanikwa juani, mdogo wako Mwita alichukua msumari wa mlango wetu wa zamani akachora ng'ombe kwenye ile rangi ya kijani. Ndiye yule ng'ombe wetu mwenye pembe moja iliyopinda, aliyetoroka kijijini akarudi kwenye boma la zamani peke yake, tukamkosa. Mwita alimlilia sana. Nilipoona mchoro nikamchapa kiganjani kwa kuharibu chombo kizuri. Akaniambia kwa ule mdomo wake usio na meno ya mbele, "Amerudi, mama. Amekuja kunywa maji." Nikamwambia aondoke hapo.

Bhoke, yaliyofuata unayajua kwa jinsi yako. Jioni tulilijaza pipa maji kwa mara ya kwanza, na kesho yake sisi tukaenda shamba la kijiji. Wewe ulibaki na Mwita. Alitoka kucheza, akaomba maji, ukachota kata moja kwenye pipa ukampa. Ukanywa na wewe kidogo. Tuliporudi alikuwa anatapika, na wewe umeshaanza kuumwa tumbo. Asubuhi yake Mwita hakuwa hai. Baadaye mganga wa zahanati akauliza, "Maji yenu mnahifadhi kwenye nini?" Wewe ulikuwa umelala pale kwenye mkeka, ukasikia swali, ukasikia na jibu. Niliona uso wako ukigeukia ukutani.

Tangu siku ile hukumpa tena mtu maji kwa mkono wako. Ulifikiri sikuona? Mgeni akija unajipa kazi nyingine, au unaweka kata mezani na kumwacha achukue mwenyewe. Nimeona miaka yote hii na nimenyamaza, na kunyamaza kwangu ndiko kunakoniuma kuliko hata pipa.

Sasa nikuambie ambacho hukukiona, kwa sababu ulikuwa umelala, unaweweseka.

Mwita alipotapika nilisema ameishiwa maji mwilini. Hivyo ndivyo tunavyofanya kwa mtoto anayeharisha, tunamrudishia maji. Nikachota kwenye pipa nikampa. Akatapika, nikachota tena. Nikampikia uji mwepesi kwa maji hayo hayo, nikampoozea, nikamlisha kwa kidole. Akawa hataki. Akageuza uso, mwanangu, akaufunga mdomo, na mimi nikambembeleza. Nikamwambia kunywa baba, kunywa kidogo tu kwa ajili ya mama. Akanywa kwa ajili yangu.

Kata yako ilikuwa moja. Za kwangu siwezi kuzihesabu.

Nimekaa na jambo hili peke yangu. Tata yako alikuwa amekimbilia kutafuta msaada wa kumbeba, hakuona. Kila nilipokuona umekaa kimya nilijua unawaza ile kata, nikataka kukuambia, nikashindwa, kwa sababu nikikuambia ungenichukia, na nilikuwa nimeshapoteza mtoto mmoja. Hivyo nikakuachia mzigo ambao ni wangu, ukaubeba mpaka umekuwa msichana mkubwa. Nichukie kama utaona inafaa. Lakini mzigo huo utue hapo ulipo, hata kama ni kwenye benchi la kusubiri basi, usiende nao chuoni. Wewe ulimpa mdogo wako maji alipoomba. Hilo si kosa popote duniani.

Baada ya mazishi watu walisema mengi. Baba yako mdogo akasema tumerogwa kwa wivu wa kile kiwanja chetu cha kwanza kwenye mstari. Nilikaribia kukubali. Mchawi angenipunguzia mzigo. Bwana mifugo naye alikuja, hakutugombeza hata kidogo, akasema atatuma wataalamu waje kulichukua pipa. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia tumeshalitupa mbali. Tata yako akanitazama, kisha akamsindikiza bwana mifugo njiani.

Sikutaka liende kwa sababu ya yule ng'ombe. Nguo za Mwita zilizikwa naye, picha hatukuwahi kupiga. Mkono wake ulibaki kwenye lile pipa tu. Nikalisukuma nyuma ya ghala, nikalizungushia miiba kama zizi, nikawakataza wote kusogea, na mimi mwenyewe nikawa nasogea. Ukiwa shule nilikuwa naingiza mkono kati ya miiba nafuata ile mistari kwa kidole, mgongo, mkia, ile pembe. Ulipokuwa unaniona nina mikwaruzo mkononi nilikuwa nakuambia ni kuni. Hazikuwa kuni.

Nilijua ni sumu na nikaiweka nyumbani kwangu, karibu na chakula chetu. Mtu anaweza kujua kitu kabisa na bado akakifanya. Ukiwa mwalimu utakutana na wazazi wa namna hiyo, usiwaone wote ni wajinga.

Halafu nikamwona Gati na vidole vya kijani. Usiku ule sikulala, na asubuhi nikakuambia nampeleka kliniki. Nilikudanganya. Nilipanda lori la pamba na Gati mgongoni mpaka Bomani, nikaingia ofisi ya mifugo, nikasema mbele ya watu wote waliokuwa kwenye foleni kwamba nina pipa la dawa ya josho nyumbani, limeua mtoto wangu, nalihifadhi, naomba waje walichukue. Nilifikiri watanifunga. Mama mmoja mwenye miwani akaniambia tu, "Karibu ukae. Kwa nini hukuja mapema? Kazi yetu ndiyo hii." Miaka yote hiyo, Bhoke, kumbe ilikuwa ni kwenda na kusema. Mafuta ya gari na posho yao vimetoka kwa yule mbuzi mweusi, kwa hiyo usimtafute ukirudi.

Leo wamekuja wawili, wamevaa buti za mpira, glavu mpaka kwenye viwiko, na vitambaa usoni. Watoto wa jirani walikimbia. Mkubwa wao anaongea kama watu wa Shirati.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibuni chai kwanza."

"Chai baadaye, mama. Tukianza na chai tutakunywa na hii kitu pamoja."

Walitaka sote tukae upande upepo unakotoka. Tata yako alikataa kukaa. Akavua kofia, akakunja mikono ya shati, akasema, "Mimi ndiye niliyelileta hapa. Mimi nitalitoa."

Yule bwana akamjibu kwa heshima, "Mzee, kuleta ulileta. Kutoa, tuachie sisi."

Nilifikiri tata yako atakasirika, unamjua. Aliishika ile kofia kwa mikono miwili, halafu akaketi chini kwenye udongo pale alipokuwa. Sijawahi kumwona akikaa chini mbele ya wageni.

Wakaondoa miiba. Yule bwana akamulika tochi ndani ya pipa, akanionyesha kwa mbali, kwenye maungio ya chini, ukoko wa kijivu uliogandamana. Akasema, "Hii hata ungelisugua mwaka mzima ingebaki. Maji yakikaa yanailowesha pole pole." Nikaangalia. Mimi na majivu yangu na moshi wangu.

Walipotandika turubai la kulifungia, nikainuka. Sikuwa nimepanga. Nikamwambia, "Mwanangu, naomba unikatie kipande hiki hapa. Hiki chenye ng'ombe."

Akainama akatazama. "Hakikatwi, mama. Nikikata, vumbi lake na moshi wake vitatuingia wote."

"Basi nikwangulie rangi tu. Nitaitia kwenye chupa, nitaifunga."

"Hata rangi. Rangi za namna hii nyingine zina madini ya risasi, nayo ni sumu yake peke yake. Huyu mdogo alikuwa anaibandua kwa vidole, ndiyo?" Akamtazama Gati. "Wiki ijayo umpeleke zahanati wamwangalie. Usikose."

Nikasema sitakosa. Lakini nikabaki nimesimama pale pale. Akaniuliza taratibu, "Ni nani alichora?"

Nikamwambia jina lake.

Hakusema pole. Akamgeukia mwenzake aliyekuwa ameshika kamba. "Upande huu usifunge kwanza. Tuanze na udongo." Akaniambia, "Mama, mwangalie mpaka utosheke. Usimguse tu."

Wakachimba udongo wote uliokuwa chini ya pipa, wakaujaza kwenye magunia, wakafanya kazi polepole, na ninaamini walifanya polepole kwa makusudi. Nikamwita tata yako. Alikuja akasimama kando yangu. Hatujawahi kumtazama yule ng'ombe pamoja, yeye na mimi. Akasema kwa sauti ndogo, "Pembe ameipata sawasawa," na mimi nikashindwa kumshika mkono mbele za watu, nikaishika ile kofia yake.

Kisha nilikimbilia ndani. Karatasi nilizokuwa nimezinunua kwa ajili ya kukuandikia zilikuwa juu ya sanduku lako, na kalamu yako. Nikarudi nikachuchumaa pale waliponiruhusu, nikachora. Mimi si mchoraji. Nilichora polepole kama unavyonifundisha herufi, mgongo kwanza, halafu tumbo, halafu miguu, ambayo aliichora yote upande mmoja kwa sababu hakujua jinsi ya kuitenganisha. Nilipomaliza nikamwambia yule bwana afunge.

Walilifunga, wakalipakia pamoja na magunia ya udongo, wakanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, ndipo wakanywa chai. Gari likaondoka. Nilitegemea nitapiga yowe kama siku ya msiba. Sikupiga. Niliingia ndani nikapika, maana Gati alikuwa na njaa.

Nina ombi moja, si amri. Huko uendako mtu akikuomba maji, mpe kwa mkono wako. Mara ya kwanza mkono utatetemeka. Mpe hivyo hivyo.

Na jioni hii ukishuka kwenye baiskeli, kabla hujauliza chochote kuhusu pipa, nitakuomba maji. Nitakuwa nimekaa hapa mlangoni. Utayasoma haya kesho na utajua kwa nini. Kama utaniwekea kata chini na kuondoka, sitakulaumu, nitaichukua mwenyewe. Kama utanipa mkononi, nitakunywa yote mpaka chini.

Maneno yamebanana kwenye ukurasa huu kwa sababu nimeyaandika kumzunguka yule ng'ombe. Ni huyu hapa chini. Miguu yake si makosa yangu, ndivyo Mwita alivyoiweka. Ile pembe iliyopinda iko kushoto. Nakupa wewe kwa sababu mimi nimeshamshika kwa kidole miaka mingi, na wewe hukuwahi hata kumkaribia.

Unapoirudisha barua hii kwenye bahasha, ikunje hapa juu, penye maneno yangu. Ng'ombe usimkunje.

Mimi mama yako,
Nyangi